Betri Iliyofungwa Kinyume: Jinsi ya Kupima Madhara Yake Katika Gari la Chama

Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya asubuhi mjini Tunduma huzidi ile ambayo betri iliyochakaa yaweza kuistahimili. Dereva wa pikapu ya chama huamka alfajiri ili awahi kupeleka mbolea au kuchukua kahawa ya wanachama, hugeuza ufunguo, na starta hulia mara moja kisha ikanyamaza. Mji huo hauna uhaba wa msaada. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya kukata zaidi ya kilomita 900, huvukia hapo kuingia Nakonde nchini Zambia. Njia ya Sumbawanga huanzia hapo. Na ingawa Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, malori hayakosekani kando ya barabara usiku na mchana. Kwa hiyo lori la kuombwa umeme hupatikana upesi. Waya mbili zisizo na rangi hutolewa chini ya kiti, na katika giza na haraka ile, waya ya chanya hufungwa penye hasi. Cheche kubwa huruka, harufu ya mpira ulioungua hutanda, na gari lililokuwa na maradhi madogo ya betri hupata maradhi mengine ambayo dereva hawezi kuyataja jina.

Hasara inayofuata mara nyingi haitokani na kosa lenyewe bali na namna linavyoshughulikiwa. Fundi wa kwanza husema kwamba kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita "kontroli boksi", imeungua. Chama hununua nyingine iliyokwisha kutumika, gari haliwaki. Fundi wa pili hubadili altaneta, fundi wa tatu huanza kukata nyaya, na msimu wa ununuzi hupita gari likiwa juu ya mawe. Ukweli ni kwamba katika magari mengi kosa hili huishia kwenye fyuzi kuu na altaneta, na kujua lilipoishia hakuhitaji zaidi ya mita ya umeme, balbu moja ya taa ya breki, na subira ya saa mbili au tatu. Katibu wa chama si fundi, wala hatarajiwi kuwa fundi. Lakini ndiye atiaye sahihi hati ya malipo, na asiyejua utaratibu wa kupima hawezi kujua kama analipia matengenezo au anagharimia kamari ya fundi.

UMEME UNAPOGEUZWA

Betri ya gari dogo ni ya volti 12; malori makubwa hutumia betri mbili za namna hiyo zilizounganishwa kwa mfuatano kupata volti 24. Kichwa cha hasi hufungwa kwenye mwili wa gari, na kichwa cha chanya hupeleka umeme kwenye vyombo vyote. Si magari yote yaliyokuwa hivyo tangu mwanzo. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani, zikiwamo Land Rover zilizoundwa kabla ya mwaka 1967 hivi, yalifungwa chanya kwenye mwili. Mzee aliyejifunza kazi kwa magari hayo huweza bado kuwa na mazoea yake, na mazoea ya aina hiyo yamewahi kuwa chanzo cha kosa hili kama vile giza lilivyo.

Vyombo vya gari havidhuriki kwa kiasi kimoja umeme unapogeuzwa. Balbu haijui upande, huwaka vilevile. Honi ya kawaida hulia. Starta ya zamani, ambayo sumaku yake hutengenezwa kwa koili, huzunguka upande uleule, na ile yenye sumaku za kudumu huzunguka kinyume. Mota za wipa, za feni na pampu ya mafuta zenye sumaku za kudumu nazo huzunguka kinyume kwa muda, kisha zikirudishiwa umeme sahihi hurudi katika kazi yake bila malalamiko. Hivi vyote havipaswi kuwa mahali pa kuanzia utafutaji.

Wanaoumia ni wale wenye dayodi ndani yao. Dayodi ni mlango wa umeme unaofunguka upande mmoja tu, kama vali ya tyubu ya baiskeli inavyopitisha upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Altaneta huzalisha mkondo geu, na dayodi zake, ambazo aghalabu ni sita, huunyoosha ili uweze kuijaza betri. Betri ikiwa imefungwa sawasawa, milango hiyo huuzuia umeme wa betri usirudi ndani ya altaneta gari likiwa limelala. Betri ikigeuzwa, milango yote sita hufunguka kwa pamoja. Mkondo hutoka kwenye mwili wa gari, hupita ndani ya altaneta bila kizuizi chochote cha maana, na kurudi betrini kwa mamia ya ampea. Hakuna swichi iliyowashwa, ufunguo haumo, na bado waya nene inapata moto. Ndiyo maana dereva asemaye "sikuwasha kitu" huwa anasema kweli, na ndiyo maana kusema kwake hakuliponyi gari.

Kinachoweza kuiokoa altaneta ni fyuzi kuu. Katika magari ya Kijapani fyuzi hiyo hukaa katika kisanduku kilicho karibu na betri, mara nyingi imeandikwa ALT, nayo ni ya ampea 80, 100, 120 au zaidi kwa kadiri ya gari. Ikiyeyuka mapema, dayodi husalimika. Ikichelewa, dayodi hufa kwanza, na dayodi inapokufa kwa namna hii aghalabu haikatiki bali hushikana, yaani mlango hubaki wazi pande zote mbili. Malori kadhaa ya zamani hayana fyuzi hiyo kabisa. Huko huyeyuka waya.

Yafaa ieleweke pia kwamba kuna tofauti kati ya betri iliyofungwa kinyume ndani ya gari na waya za kuazimia umeme zilizofungwa kinyume. Katika hali ya pili betri mbili huwa zimeunganishwa katika duara moja, kila moja ikiisukuma nyenzake, na kilichopo baina yao ni waya zile tu. Gari lenye betri iliyokwisha ndilo hasa linalogeuziwa umeme. Lori lililosaidia huweza kupata hasara ya betri, ya fyuzi kuu, na ya altaneta iliyokuwa ikizunguka wakati ule. Hapo betri huweza kupasuka, na hatari hiyo kwa macho ya watu ni kubwa kuliko hatari ya gari.

KABLA YA SPANA

Jambo la kwanza baada ya cheche ni kufungua waya na kutojaribu tena. Wako madereva ambao, baada ya kuona wamekosea, hufunga sawasawa na kugeuza ufunguo papo hapo "kuona kama limepona". Altaneta yenye dayodi zilizoshikana ni njia fupi ya umeme hata betri ikiwa imefungwa sawa. Kwa hiyo jaribio hilo laweza kuchoma kile ambacho kosa la kwanza lilikiacha. Waya ya hasi hufunguliwa kwanza. Kama betri imevimba, ina joto kali au inavuja, watu hukaa mbali nayo mpaka ipoe, na hakuna sigara wala mshumaa, kwa maana betri iliyosumbuliwa hutoa gesi ya haidrojeni. Asidi iliyomwagika huoshwa kwa maji mengi, na magadi ya jikoni yaliyokorogwa majini huitoa ukali wake juu ya chuma. Ikiingia jichoni ni maji safi tu, kwa dakika nyingi, kisha zahanati.

Jambo la pili ni kumwuliza dereva, na hapa katibu ana kazi kubwa kuliko fundi. Waya zilikaa kinyume kwa muda gani: mguso mmoja, au dakika nzima? Ufunguo ulikuwa umewashwa? Injini ilizungushwa? Ni kipi kilichotoa moshi? Lori lililosaidia lilikuwa la volti ngapi? Majibu hayo huweza kupunguza nusu ya kazi ya kupima. Lakini dereva anayejua kwamba atakatwa mshahara kabla hata hajamaliza kusema, atasema kwamba gari lilizima lenyewe. Chama kitalipa saa nyingi za fundi kutafuta chanzo ambacho mtu mmoja anakijua. Bodi inaweza kuamua juu ya uzembe baadaye, kwa utulivu, baada ya gari kupona. Uchunguzi wa gari na uchunguzi wa mtu ni mambo mawili, na kuyachanganya huyaharibu yote mawili.

Swali la volti lina uzito wa pekee. Lori la volti 24 likiunganishwa na pikapu ya volti 12, hata kama chanya imekwenda kwa chanya, pikapu hudhurika kwa namna nyingine. Dalili ya kutofautisha ni balbu. Umeme uliogeuzwa hauziui balbu. Umeme uliozidi mara mbili huzikata. Fundi akikuta taa nyingi zilizokuwa zikiwaka zimekatika nyuzi kwa pamoja, na achunguze upya hadithi ya waya kinyume.

BETRI YENYEWE

Mita ya umeme huwekwa kwenye kipimo cha volti za mkondo mnyoofu, waya nyekundu ya mita juu ya kichwa kinachosemekana kuwa chanya na nyeusi juu ya hasi. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi; 12.2 ni kama nusu. Chini ya 11.8 imekwisha. Lakini cha kutazamwa kwanza ni alama ya kutoa mbele ya namba. Alama hiyo ikiwapo, ama waya za mita zimebadilishwa, ama betri imegeuka.

Betri kugeuka si hadithi. Betri iliyokwisha kabisa, ikifungwa kinyume kwenye chaja na kuachwa usiku kucha, huweza kujazwa kinyume, hata kichwa kilichopigwa chapa ya chanya kikawa hasi. Betri kama hiyo, ikitoka kwa mchaji na kufungwa kwa kufuata alama zake, italeta madhara yaleyale mikononi mwa dereva asiye na kosa lolote. Vyama vinavyopeleka betri kuchajiwa mjini vina sababu nzuri ya kudai ipimwe kwa mita mbele ya mchukuaji kabla ya kuipokea. Hilo huchukua nusu dakika.

Hali kadhalika betri mpya. Betri za mtindo wa Kijapani huandikwa namba kama 55D23L na 55D23R. Hizo mbili ni sawa kwa ukubwa na nguvu, ila vichwa vimebadilishana pande. Aliyetumwa kununua akarudi na herufi isiyo sahihi, dereva ataifunga kwa kufuata mazoea ya mkono wake: waya ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Gari lenyewe hujaribu kumwonya, kwa sababu kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi na vibano vyake havilingani. Lakini vibano vilivyokwisha kulegea na kutiwa vipande vya bati haviwezi tena kumwonya mtu.

FYUZI KUU NA BALBU YA MAJARIBIO

Fyuzi kuu hupimwa kwa mita, si kwa macho tu, maana baadhi huyeyuka mahali pasipoonekana. Ikiwa imekatika, hiyo ni habari njema kwa kiasi: ilifanya kazi iliyowekewa. Itanunuliwa nyingine ya ampea zilezile. Waya wa kufungia, msumari au karatasi ya sigara badala yake ni kuligeuza gari zima kuwa fyuzi, na katika kosa la namna hii si maneno ya kutia chumvi.

Baada ya fyuzi mpya kuwekwa, betri nzima iliyopimwa hufungwa upande wa chanya peke yake. Waya ya hasi haifungwi moja kwa moja. Katikati ya kichwa cha hasi na waya yake huunganishwa balbu ya breki ya wati 21, ya volti zilezile za gari. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote katika kazi hii, nacho kinafahamika na mafundi wachache kuliko inavyopasa. Umeme wote unaoingia garini sasa hauna budi kupita ndani ya balbu hiyo, ambayo katika gari la volti 12 haiwezi kupitisha hata ampea 2. Kama mahali fulani pameshikana, hakuna waya utakaoungua. Balbu itawaka tu kwa nguvu zake zote, na fundi atakuwa na saa nzima ya kutafuta.

Swichi zote huzimwa, ufunguo hutolewa, na taa ya ndani huzimwa ili mlango wazi usidanganye. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia au kuzima, gari halina njia fupi ya umeme. Mwanga mdogo wa saa, king'ora na kumbukumbu ya kompyuta ni wa kawaida. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, hutafutwa mshtakiwa, na mshtakiwa wa kwanza ni altaneta. Betri hufunguliwa, waya nene itokayo nyuma ya altaneta hutolewa na kufunikwa kwa mpira isiguse chuma, kisha jaribio hurudiwa. Balbu ikizima, ugonjwa umepatikana. Ikiendelea kuwaka, waya hiyo huachwa hivyo na fyuzi ndogo huchomolewa moja baada ya moja, kila moja ikirudishwa mahali pake kabla ya inayofuata kuguswa, mpaka ile ambayo kutolewa kwake kunaizima balbu. Jina lililoandikwa penye fyuzi hiyo litaonyesha ni nyumba gani ya kuingia.

ALTANETA

Fundi anayedai kwamba altaneta imekufa anaweza kuonyesha hivyo bila kuifungua. Ikiwa waya zake zimetolewa, mita huwekwa kwenye kipimo cha dayodi. Waya nyekundu ya mita ikiwa juu ya chuma cha altaneta na nyeusi juu ya skrubu kubwa ya kutolea umeme, namba huwa kati ya 0.8 na 1.1 hivi, kwa kuwa mkondo unapita dayodi mbili. Zikibadilishwa, mita huonyesha kwamba hakuna njia. Ikionyesha sifuri au karibu yake pande zote mbili, dayodi zimeshikana. Hapo swali la katibu ni moja: je, zibadilishwe dayodi pamoja na kirekebisha volti, au altaneta nzima? Mafundi wa altaneta wapo katika miji ya barabara kuu, na kubadili sahani ya dayodi ni kazi yao ya kila siku. Kununua altaneta nzima kuna maana koili nazo zinapokuwa zimeungua, jambo linalojulikana kwa harufu na kwa rangi nyeusi ya nyuzi zake.

Kipimo hicho hakiwezi kuona dayodi moja iliyokatika kati ya sita. Kwa hiyo gari likishawaka hupimwa tena. Injini ikizunguka kwa mwendo wa kati, volti kwenye vichwa vya betri ziwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi, au kama 28 kwa lori la volti 24. Zikibaki 12 na kushuka, haijazi. Zikipita 15, kirekebisha kimeharibika na injini izimwe. Kisha mita huwekwa kwenye kipimo cha mkondo geu mahali palepale: zaidi ya volti 0.5 ni dalili kwamba dayodi mojawapo haifanyi kazi. Mita nyingine za bei nafuu hazifai kwa kipimo hiki, maana huonyesha namba kubwa za ajabu hata penye betri peke yake. Ni vema ijaribiwe kwanza injini ikiwa imezimwa. Mita ya kweli itaonyesha sifuri.

Matrekta na Land Rover za zamani zenye dainamo badala ya altaneta hazina dayodi za kuungua, lakini dainamo yaweza kupoteza au kugeuza sumaku iliyobaki ndani yake, ikawa inatoa umeme kinyume. Fundi wa makamo anayeijua kazi hiyo huirudisha kwa kuigusisha umeme wa betri kwa nukta moja. Fundi kijana huweza kuitupa.

FYUZI NDOGO NA KOMPYUTA

Magari yaliyo rahisi kupona ni yale ya dizeli yenye pampu ya mafuta ya mitambo, kama Land Cruiser zenye injini ya 1HZ na malori mengi ya miaka iliyopita. Injini hiyo huhitaji umeme kwa starta na kwa koili ndogo inayofungua mafuta, na pengine kwa plagi za kupasha moto. Altaneta ikitolewa waya na betri ikiwa nzima, huwaka. Mwenye gari la namna hiyo anayeambiwa kwamba kompyuta imeungua ana haki ya kuuliza ni kompyuta ipi.

Magari ya petroli yenye sindano za mafuta, na dizeli za kisasa, ni jambo jingine. Humo fyuzi zote ndogo hupimwa, za kisanduku cha injini na za chini ya usukani, ufunguo ukiwa umewashwa, kwa kugusisha testa pande zote mbili za kila fyuzi. Zile zinazolindwa zaidi ni za mfumo wa injini, za kumbukumbu ya kompyuta na za redio. Waundaji wengi huweka ndani ya redio na ndani ya kompyuta dayodi ya kinga penye mlango wa umeme. Kazi yake ni kujitoa mhanga: umeme ukija kinyume, hushikana na kuikata fyuzi, na sakiti zilizo nyuma yake husalimika. Kwa hiyo fyuzi mpya inayokatika mara tu inapowekwa haimaanishi kwamba chombo chote kimekufa. Chombo huchomolewa plagi yake. Fyuzi ikisimama, ugonjwa umo ndani ya chombo, na mara nyingi fundi wa redio mwenye kolea na uangalifu hubadili dayodi moja ya bei ndogo na kukirudishia uhai.

Kwamba kompyuta imekufa au iko hai huthibitishwa kwa dalili tatu kabla ya fedha kutoka. Ufunguo unapowashwa, taa ya injini kwenye dashibodi huwaka. Isipowaka, kompyuta haipati umeme au haifanyi kazi. Penye plagi ya kipima hewa au ya kipima mwendo wa kikanyagio cha mafuta huwapo waya mmoja wenye volti 5, ambazo hutoka ndani ya kompyuta. Zikiwapo, sehemu kubwa ya kompyuta iko hai. Na mashine ya kusomea makosa ikiweza kuongea nayo, mjadala umekwisha. Kompyuta isiyoonyesha hata moja ya dalili hizo bado haijahukumiwa: hutazamwa kwanza relei kuu, fyuzi zake na waya wake wa kwenda kwenye mwili wa gari, ambao huenda ndio ulioyeyuka. Ni baada ya hapo tu ndipo neno "imeungua" linapoweza kuandikwa katika hati ya chama, pamoja na namba ya kompyuta ya zamani, kwa sababu isiyolingana namba huenda isikubali kuliwasha gari.

Mifuko ya hewa ya usalama isipimwe kwa mita kwa hali yoyote. Taa yake ikibaki imewaka, hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa.

Gari likiwa limewaka na kupita vipimo vyote, hubaki mtego mmoja. Dayodi iliyojeruhiwa huweza kufanya kazi mchana na kuvujisha umeme usiku, hata baada ya juma moja betri mpya ikalaumiwa. Basi baada ya siku mbili tatu hupimwa mkondo unaonyweka gari likiwa limelala na kufungwa kwa nusu saa au zaidi: usipite sana ampea 0.05. Katibu mwangalifu hamalizi kulipa ujira wote wa fundi kabla ya kipimo hicho.

KUFUNGA WAYA ZA KUAZIMIA UMEME

Mengi ya haya hayangetokea kama kila gari la chama lingekuwa na waya mbili za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na kichwa cha chanya cha betri kingepakwa rangi nyekundu isiyofutika, na tochi ingekaa chini ya kiti mahali pa ile mifuko ya plastiki. Volti za magari yote mawili huulizwa kwanza. Injini zote mbili zikiwa zimezimwa, waya nyekundu hufungwa kwenye chanya ya betri iliyokwisha, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake haufungwi kwenye betri iliyokwisha bali kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Kabla ya mguso huo wa mwisho, mwenye mita huipima: nyekundu ya mita kwenye kibano chekundu, nyeusi kwenye kibano cheusi kilicho wazi mkononi. Namba ikija na alama ya kutoa, kazi inasimama. Asiye na mita na aangalie mguso wa kwanza: cheche ndogo ni ya kawaida, lakini cheche nene yenye mlio ni onyo, na mkono uondoke.

Ikiwa kosa limekwisha kutendeka, dereva wa lori lililosaidia naye aambiwe, hata kama foleni imeanza kusogea na anaharakisha kuvuka. Afungue boneti yake, aitazame fyuzi kuu, awashe injini na kupima volti kwenye betri zake. Altaneta isiyojaza haitaonekana hapo mpakani. Itaonekana usiku, ng'ambo ya Nakonde, taa zitakapoanza kufifia barabarani.